Je, wajua kwa nini mwalimu wa hesabu husoma chuoni hesabu ambazo hatazifundisha?

Andika ubaoni 10 − 4 + 3 mbele ya Kidato cha Kwanza mwezi Januari, kisha pita kati ya madawati uchungulie madaftari. Wengi watakuwa wamepata 9. Hawakosekani wachache waliopata 3, na hao ndio wa kusimama nao, kwa sababu wametii sheria. Shule ya msingi walikaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jumlisha imetajwa kabla ya toa. Basi wamejumlisha kwanza 4 na 3, wakapata 7, wakaitoa kwenye 10.

Mwalimu atakayewaambia "someni sheria vizuri" atakuwa amewaonea. Wameisoma vizuri mno.

Tuliweke kando daftari hilo kidogo, maana swali la watu wengi ni jingine: mtu anayekwenda kufundisha sehemu, asilimia na maumbo, kwa nini asote chuoni miaka mitatu na kalkulasi, aljebra ya mstari na nadharia ya makundi? Wanafunzi wa ualimu wenyewe huliuliza, hasa usiku wa kuamkia mtihani.

Kwa Tanzania njia huanzia Kidato cha Tano, kwenye tahasusi, yaani masomo matatu makuu anayochagua mwanafunzi. Anayetaka kufundisha hisabati kwa shahada anatakiwa awe ameisoma hisabati ya juu: PCM (fizikia, kemia, hisabati), PGM yenye jiografia badala ya kemia, au EGM yenye uchumi na jiografia. Hapa ndipo wengi hujikwaa bila kujua. Aliyesoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) hufanya BAM, hesabu nyepesi ya kusindikiza masomo mengine, na BAM haimfungulii mlango wa kwenda kusomea ualimu wa hisabati hata akipata A. Kiwango cha chini kinachotumiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa mtu wa Kidato cha Sita ni kufaulu masomo mawili kwa E au zaidi, jumla ya pointi isipungue 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kwenye karatasi. Chuo kinaweza kudai zaidi, na kwa shahada za ualimu masomo hayo mawili yanatakiwa yawe ndiyo utakayokwenda kuyafundisha.

Ndiyo, mawili. Mwalimu wa sekondari huandaliwa kwa masomo mawili ya kufundishia: hisabati na fizikia, hisabati na kemia, hisabati na jiografia. Sababu yake ni ya ratiba zaidi kuliko ya elimu. Shule ndogo haiwezi kumwajiri mtu mmoja kwa kila somo. Ila kwa uhaba wa walimu wa hisabati ulivyo, wengi wakiripoti kituoni hukabidhiwa hisabati za vidato vyote, na lile somo la pili linabaki kwenye cheti.

Si lazima iwe shahada. Stashahada ya ualimu wa sekondari ya miaka miwili humpeleka mtu kufundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. Wa shahada ndiye hupewa pia cha tano na cha sita. Na aliyesoma hisabati tupu chuoni bila masomo ya ualimu anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu. Wakenya nao wana njia hiyo, lakini wao hawana Kidato cha Tano na cha Sita: mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliviondoa. Kule unatoka KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, moja kwa moja na C+ ya jumla, pamoja na C+ katika kila somo utakalofundisha, kisha unasoma shahada kwa miaka 4. Kwa kawaida shahada kama hiyo Tanzania ni miaka 3. Mkenya hajazidishiwa adhabu: sehemu ya yale Mtanzania aliyoyamaliza PCM, yeye anayakuta chuoni mwaka wa kwanza.

Ndani ya shahada kuna vitu vya namna tatu. Kuna hisabati yenyewe. Kuna elimu: saikolojia, falsafa, mitaala, upimaji na tathmini. Halafu kuna mazoezi ya kufundisha, wiki kadhaa katika shule halisi, ambako mwanachuo anaandika azimio la kazi na andalio la somo, na msimamizi kutoka chuoni anakuja siku moja kukaa dawati la nyuma na kalamu yake. Wanafunzi wa shule huwaita wanachuo hao walimu wa fildi, na huwajua kwa viatu vinavyong'aa.

Sasa turudi kwenye daftari. Jibu la 9 analijua hata kondakta. Mwambie abiria walikuwa 10, wameshuka 4, wamepanda 3, uone kama atakwambia wamebaki 3. Kujua jibu hakuhitaji chuo. Kinachohitaji chuo ni kujua MAGAZIJUTO imempotezea wapi mtoto, na hapo ndipo ile nadharia ya makundi iliyolaaniwa usiku ule inaposaidia. Jambo la kwanza inalofundisha ni kwamba kila namba ina mwenzake wa kuifuta: 4 na −4 zikikutana hubaki 0. Kutoa 4 maana yake ni kujumlisha −4. Tendo ni moja tu, kujumlisha. Swali letu kumbe ni 10 + (−4) + 3, na ukishaliandika hivyo unaweza kuanzia popote. Mtoto anang'ang'ania kujumlisha kwanza? Mwache ajumlishe: −4 na 3 ni −1, na 10 ukiongeza −1 ni 9. Kosa lake halikuwa kujumlisha kwanza. Alimvua 4 alama yake ya kutoa akaiacha nje, kisha akamjumlisha akiwa mtupu.

Mwalimu asiye na hesabu hizo atabaki kusema "anza kushoto kwenda kulia", naye mtoto atakuwa na sheria mbili za kukariri badala ya moja.

Lakini nisikifagilie chuo kupita kiasi. Mhadhiri wa nadharia ya makundi huwa hataji MAGAZIJUTO hata mara moja, na mhadhiri wa saikolojia ya elimu hataji −4. Kazi ya kuunganisha ameachiwa kijana wa miaka 22. Mwanahisabati Mjerumani Felix Klein alililalamikia jambo hili mwaka 1908 alipokuwa akiwafundisha walimu Göttingen: kijana akiingia chuo anasahaulishwa hesabu za shule, akirudi shuleni kufundisha anazisahau za chuo, na kufundisha kwake kunakuwa kama alivyofundishwa yeye. Mwaka 1986 Mmarekani Lee Shulman alieleza kwamba kuna ujuzi wa aina yake uliopo kati ya somo na ualimu: kujua mwanafunzi atakosea wapi, na mfano gani utamfungua. Vyuo vingi vimeupa kozi ya mbinu za kufundishia hisabati. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kozi iliyostahili muda mrefu kuliko zote.

Tena huku kwetu kuna kizingiti ambacho Klein hakukutana nacho. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali alisoma hisabati kwa Kiswahili. Anajua asili na kiasi cha sehemu, anajua KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Kidato cha Kwanza hayo yote yanamgeukia Kiingereza, na mwalimu ndiye daraja. Hata yule aliyepata 3 anakabidhiwa kifupi kipya, BODMAS, akidhani pengine hiki kitamnyoosha. Herufi ya kujumlisha imetangulia ya kutoa humo pia. Atapata 3 ileile.