Bushi ya liva ya gia si beringi, wala si giaboksi

"Beringi ya gia imekufa." Maneno haya husikika kila liva ya gia inapoanza kuyumba kama jino bovu, na mara nyingi hakuna beringi yoyote iliyokufa. Kilichokwisha ni bushi, kipande cha plastiki kinachoweza kufichwa ndani ya ngumi.

Maana yake ni fupi. Bushi ni kikombe au bomba fupi linalokaa kati ya vyuma viwili vinavyosogea, visisuguane. Kwenye magari mengi ya zamani yenye liva iliyosimama juu ya giaboksi, huvalishwa kwenye kichwa cha mviringo kilicho chini ya liva. Kwenye yale ambayo liva huvuta kebo, hukaa kwenye ncha za kebo hizo. Basi.

Beringi ambayo watu huifikiria ina gololi au roli ndani, na hubeba kitu kinachozunguka mfululizo. Liva haizunguki: inasogea kidogo, inatulia. Wahandisi huiweka bushi kwenye ukoo wa beringi, kwa hiyo mbishi wa vitabuni atanishinda hapo. Lakini omba beringi dukani uone utakachopewa.

Mkanganyo unaoharibu kazi hasa ni ule wa kuifananisha na bushi za raba za springi. Zote zinaitwa bushi, ila zinafanya kazi kinyume. Ile ya raba kwa kawaida hukamata vyuma vya pande zote mbili na haitelezi. Raba yenyewe ndiyo hujinyonga na kurudi. Ya plastiki kazi yake ni kuteleza. Raba ya asili ikipakwa grisi ya kawaida huvimba na kulainika, ilhali plastiki ya liva inataka grisi kidogo. Raba hung'olewa kwa presi, au kwa nyundo ukikosa presi. Sasa chukua nyundo hiyo uende nayo kwenye bushi ya liva ya nailoni iliyokaa miaka mingi juu ya giaboksi yenye joto. Nailoni hiyo imeshapoteza unyumbufu. Itapasuka vipande, na kwenye baadhi ya magari shimo linalobaki ukishatoa liva linaingia moja kwa moja ndani ya giaboksi, kwenye mafuta na meno ya gia.

Kwa hiyo kuitoa ni kazi ya subira. Gia ikiwa nyutro, unafungua kishikio cha juu ya liva, kifuniko cha ngozi na pete inayoshikilia liva, kisha unainyanyua liva. Kabla ya kugusa plastiki, shimo lizibwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Bushi iliyobaki kwenye kichwa cha liva unaichana mstari mmoja kwa kisu, unaipanua na kuibandua. Iliyoganda ndani ya kikombe cha alumini inamokaa ndiyo inayowakasirisha watu wakakimbilia patasi, na patasi huacha mikwaruzo kwenye alumini laini. Ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kaza skrubu kwenye ukuta wa plastiki, halafu vuta skrubu hiyo kwa plaizi. Moto wa gesi usiulete hapo. Bushi nyingine ni za asetali, aina ya plastiki ngumu ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 175 za Selsiasi, na ikiungua hutoa hewa inayochoma macho. Mpya ukiiloweka kwenye maji ya moto dakika chache hulainika kidogo, ikaingia bila kulazimishwa.

Kuna wanaoona bora waweke ya shaba ili wasirudie. Inawezekana, na liva hukaza vizuri. Lakini plastiki iliwekwa iliwe yenyewe, chuma cha liva kibaki salama, na njiani inameza mtetemo. Ukiweka shaba, mtetemo huo utaupokea kiganjani.

Bushi iliyokwisha dalili zake ni za ulegevu: liva inacheza hata gia ikiwa imeingia, unatafuta ya pili unaangukia ya nne, rivasi inakuwa bahati nasibu. Haisagi. Mlio wa kusaga wakati wa kuingiza gia kwa kawaida hutoka kwenye klachi isiyoachia vizuri au sinkronaiza (pete inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia) iliyochoka, na hapo hata ubadilishe bushi kumi mlio utabaki palepale.

Basi mwenye liva inayoyumba huku gia zikiingia kimya aseme tu "bushi ya liva", na aongeze kama ni ya chini ya liva au ya ncha ya kebo, maana hizo hazibadilishani. Giaboksi aiache kwanza ipumzike.