Tiba ya mitokondria kwa msuli wa bega uliosinyaa: maana yake nini?

Mtu aliyechanika kano ya bega huijua shida yake kwenye mambo madogo: kuanika nguo, kuchana nywele, kushusha sufuria iliyowekwa juu. Akipimwa, huenda akaambiwa kano imekatika na itashonwa. Wengi hudhani mambo yameishia hapo. Lakini kano ni kamba tu. Anayeivuta ni msuli, na msuli uliokaa miezi bila kuvuta chochote haubaki ulivyokuwa.

Kuna misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega na kukishika kichwa cha mfupa wa mkono kisichomoke. Kano inayoumia zaidi ni ya ule wa juu. Ikikatika, msuli hurudi nyuma kama mpira uliovutwa kisha ukaachiwa, nyuzi zake hukonda, na mafuta huanza kujipenyeza katikati. Mwaka 1994 daktari Mfaransa Goutallier na wenzake waliipanga hali hiyo kwa madaraja, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 4 ni pale mafuta yanapouzidi msuli wenyewe.

Mafuta hayo ndiyo yanayowasumbua madaktari. Mguu uliotolewa plasta huwa mwembamba, lakini ukitembelewa hurudi. Bega si hivyo: mafuta yakishaingia kwa wingi, kwa kawaida hayatoki hata kano ikishonwa vizuri. Tena mshono wenyewe haushiki siku zote. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa 2004, wagonjwa 18 walishonwa michaniko mikubwa. Walipopigwa altrasaundi baadaye, 17 walikutwa kano imeachia tena, ingawa wengi walikuwa wamepata nafuu ya maumivu.

Mitokondria zinaingiaje hapo? Ni viungo vidogo ndani ya seli ambamo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa ATP, nishati inayouwezesha msuli kujikunja. Jina lilitungwa mwaka 1898 na Mjerumani Carl Benda kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje. Zina DNA yao wenyewe, jeni 37, ambayo tunairithi kwa mama. Msuli usipofanya kazi, mitokondria hupungua na utando wake wa ndani huvurugika. Hapo nishati hushuka, na zinavuja kemikali kali za oksijeni zinazoiunguza seli ileile inayozitegemea.

Kwa hiyo tiba ya mitokondria si dawa moja. Ni jina la pamoja la njia kadhaa za kukinusuru kiwanda hicho cha nishati.

Inayovuta macho zaidi ni kupandikiza: kuchukua mitokondria nzima kutoka kwenye msuli mzuri na kuzidunga kwenye ulioumia. James McCully na wenzake wa Boston walifanya hivyo kwenye moyo. Mwaka 2017 walieleza habari za watoto watano waliokuwa wakisaidiwa na mashine baada ya moyo kukosa damu. Mitokondria zilichukuliwa kwenye misuli ya tumbo ya watoto wenyewe, na wanne waliweza kuondolewa kwenye mashine. Matumaini yapo, lakini watoto watano bila kundi la kulinganisha nao ni ushahidi mwembamba. Isitoshe, mitokondria iliyotolewa kwenye seli haidumu, na wanasayansi bado wanabishana inaingiaje kwenye seli mpya ikiwa hai.

Njia ya pili ni dawa ya kulinda. Elamipretide hujishikiza kwenye kadiolipini, mafuta maalumu ya utando wa ndani wa mitokondria, na kuusaidia usivurugike. Mwaka 2025 Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa adimu wa Barth, si kwa bega. Kwa bega imejaribiwa kwenye panya. Kwa hiyo anayekuuzia leo vidonge vya "kufufua mitokondria" za bega lako amewatangulia watafiti, na sijui amepitia njia gani.

Ya tatu ni ya bure: mazoezi. Tangu 1967, John Holloszy alipowakimbiza panya na kukuta vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za seli) vya mitokondria kwenye misuli yao vimeongezeka takriban maradufu, hakuna anayebisha kuwa kazi huzalisha mitokondria. Kikwazo ni kwamba mkono ulioshonwa huning'inizwa kwa kitambaa shingoni kwa wiki kadhaa ili mshono ushike, na msuli unaohitaji kazi kuliko yote ndio unaokatazwa kuifanya. Ndiyo maana watafiti wanatafuta sindano ya kuuvusha msuli katika wiki hizo.