Dirisha likifungwa, mchezaji huru bado ana nafasi

Vijiweni Ngamiani, hapa Tanga, wengi huamini kwamba dirisha la usajili, yaani kipindi ambacho klabu za soka huruhusiwa kusajili wachezaji, likishafungwa, hakuna mchezaji anayeweza kupata timu hadi lifunguliwe tena. Si ajabu, maana matangazo yote hukazia saa ya mwisho.

Mimi ni wakala wa wachezaji, na inaniuma kuona vijana wakikata tamaa mapema. Dirisha hufunga usajili, halifungi mazungumzo. Kwa kanuni za kimataifa, mchezaji wa kulipwa ambaye mkataba wake uliisha kabla dirisha halijafungwa anaweza kusajiliwa hata baadaye, kanuni za ligi husika zikiruhusu. Aliyebakiza miezi 6 au pungufu ya mkataba wake naye yuko huru kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine, utakaoanza ule wa sasa ukiisha. Mkataba ukivunjwa siku moja tu baada ya dirisha kufungwa, kwa kawaida mchezaji atasubiri dirisha lijalo.

Kijana akinifuata nje ya uwanja wa Mkwakwani, viatu mkononi, kwanza naomba ukurasa wa mkataba wenye tarehe ya kuisha kwake. Nawe ukisikia tetesi za usajili, linganisha tarehe hiyo na siku dirisha lilipofungwa, kisha soma kipengele cha usajili kwenye kanuni za ligi hiyo.