Chakula Kilichokaushwa na Hesabu ya Maji: Mwongozo kwa Makundi Yanayopanda Mlima Kenya

Kila kiangazi cha Januari na Februari, makundi ya marafiki, makanisa na wafanyakazi hufika geti la Sirimon, mlango mmojawapo wa Mlima Kenya, na katoni za maji ya chupa, kisha hulalamika zinapozuiwa. Tunajua wengi hawana nia mbaya. Hata hivyo, marufuku ya plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa ilianza tarehe 5 Juni 2020, na inagusa chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Haijalishi kwamba ulizinunua Nanyuki asubuhi hiyo hiyo, wala kwamba unaahidi kurudi nazo.

Wanaokausha chakula nyumbani nao hukigawa katika vifuko vyepesi vya plastiki. Tangazo la serikali lililoanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017 linapiga marufuku mifuko ya plastiki yenye mishikio na isiyo na mishikio, ya biashara na ya nyumbani. Anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua Sh2 milioni na isiyozidi Sh4 milioni, au hufungwa mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Msamaha ni wa vifungashio vya kiwandani, na hauhusu jiko la nyumbani. Tumieni mikebe yenye vifuniko vya kubana.

Sasa chakula chenyewe. Maharagwe, ndengu na mahindi ya githeri yapikwe yaive kabisa ndipo yakaushwe. Katika kambi ya Shipton's, mita 4,200, maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi. Maharagwe mabichi yatamaliza gesi na bado yatakuwa magumu. Nyama iwe steki isiyo na mafuta, ipikwe kwanza, kwa sababu mafuta hayakauki na huchacha.

Kukauka juujuu si kukauka. Weka chakula kilichopoa katika chupa ya kioo iliyofunikwa kwa wiki moja, ukiitikisa kila siku. Ukiona umande ndani ya kioo, rudisha chakula kwenye kikaushio; ukiona ukungu, kitupe chote. Hili hatulisemi ili kutisha watu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu (aflatoxin, sumu inayotokana na ukungu), na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Maji mliyoyatoa kwenye chakula mlipokikausha nyumbani lazima myarudishe kambini, na hapo ndipo makundi mengi hukosea hesabu. Gramu 100 za githeri kavu huhitaji takriban mililita 300 za kulowekea. Ukijumlisha kunywa, chai na kupika, panga lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Kundi la watu 12 linahitaji lita 48, yaani kilo 48, ambazo hakuna atakayezibeba kutoka getini. Mtateka maji katika kambi za Old Moses na Shipton's. Kutoka Shipton's kwenda kilele cha Point Lenana, mita 4,985, msitegemee maji njiani. Kila mtu aondoke na lita 2. Zijazwe jioni, maana usiku maji huganda, na chupa zilazwe kichwa chini ili barafu isizibe mdomo. Kule Mlima Longonot, ukingoni mwa kreta, hakuna maji kabisa, kwa hiyo mnabeba yote.

Kuna imani sugu kwamba kijito cha mlimani ni salama kwa kuwa ni baridi na kinang'aa. Si kweli. Pimbi hunywa humo, na juu yenu kuna kambi nyingine. Chemsheni maji yatokote kwa dakika 3, kwa kuwa mko juu ya mita 2,000. Dawa ya klorini huhitaji angalau dakika 30, na zaidi maji yakiwa baridi, tena haiui vimelea vyote. Usiitumie kama njia ya mkato.

Loweka chakula mara tu mnapofika kambini, kabla ya kusimika mahema. Saa moja ya kulowekwa huokoa gesi nyingi.

Mtu mmoja apewe kazi ya maji tu: kuhesabu, kuchemsha na kugawa. Kundi lisilo na sufuria na gesi ya kuchemshia kiasi hicho lipunguze watu au likodi wapagazi, na uamuzi huo ufanywe kabla ya siku ya safari, si getini.