Kustaafia nchi ya joto: piga hesabu ya umri wa miaka 83

Kazi yangu ni kukaa mezani na watu wanaokaribia kustaafu, tukapanga pamoja pensheni, akiba na mahali pa kuishi. Wanaotaka kuhamia nchi ya joto karibu wote huja na swali moja: wapi maisha ni nafuu? Wanakuwa wameshajua pango la nyumba ya vyumba viwili ni kiasi gani na chakula cha wiki kinagharimu ngapi. Huwaomba karatasi hiyo tuifunike kwanza. Pango na chakula ni matumizi unayoweza kuyabana mwenyewe mwezi ukiwa mgumu: unahamia nyumba ndogo, unakula nyumbani. Niliowaona wakirudi kwao kwa majonzi hawakuangushwa na bei za sokoni. Waliangushwa na fedha iliyoshuka thamani, bima iliyowakataa, au sheria ya ukaazi iliyobadilika wakiwa wameshauza kila kitu.

Ndiyo maana siku ya kwanza tunachora safu mbili kwenye daftari. Safu ya kwanza ni mwaka wa kuhamia, tuseme una miaka 66, miguu ina nguvu na mwenzako yupo. Safu ya pili ni miaka 17 baadaye, una miaka 83. Nchi nyingi za joto hupendeza sana katika safu ya kwanza. Uamuzi unatakiwa ufanyike kwenye ya pili.

Siku moja nilikuwa na mzee na mkewe. Pensheni ya mzee hulipwa kwa pauni za Uingereza, naye moyo wake ulikuwa Thailand, karibu na bahari. Alikuwa amejaza safu ya kwanza vizuri kabisa, kwa penseli, na hata nauli ya wajukuu kuja likizo ameiweka. Mama alikuwa kimya muda wote. Kisha akavuta daftari upande wake, akaweka kidole kwenye safu ya pili iliyokuwa tupu, akaniuliza: "Mwanangu, na mzee akitangulia?"

Swali hilo nitalirudia. Kwanza nieleze tulivyojaza ile safu.

Tulianza na fedha, kwa sababu ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Pensheni yako inaingia kwa sarafu moja na matumizi yako yanatoka kwa nyingine, na katikati kuna kiwango cha kubadilishia ambacho wewe huna amri nacho. Mwanzoni mwa mwaka 2006 pauni moja ilikuwa inaleta takriban baht 70 za Thailand. Kufikia Agosti 2019 ilikuwa inaleta baht 37 hivi. Mtu wa pauni 1,000 kwa mwezi alitoka kwenye baht 70,000 hadi 37,000 bila kupunguziwa senti moja na mlipaji wake. Sasa angalia linalouma zaidi. Kibali cha kustaafia Thailand, kwa mwenye miaka 50 na kuendelea, huombwa kwa kuonyesha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au amana ya baht 800,000 benki. Mtu huyo huyo, kwa pensheni ile ile, kwa kiwango cha 2006 anapita, kwa kiwango cha 2019 hapiti. Kwa hiyo sarafu ikianguka si chakula tu kinachoguswa, bali hata haki ya kukaa.

Pensheni ya serikali ya Uingereza ina jambo la ziada ambalo kila anayeitegemea anapaswa kulijua kabla hajafunga sanduku. Ukiishi katika baadhi ya nchi, nyongeza ya kila mwaka inaendelea kukufikia: Ufilipino, Mauritius, Jamaica na Barbados zimo. Ukiishi Thailand, inaganda pale pale ilipokuwa. Utaratibu wa sasa wa Uingereza ni kuongeza pensheni hiyo angalau asilimia 2.5 kwa mwaka. Chukua kiwango hicho cha chini, kipige kwa miaka 17: aliyegandishiwa atakuwa anapokea kama thuluthi mbili tu ya anachopokea mwenzake aliyechagua nchi nyingine. Mzee alipoiona namba hiyo aliweka penseli chini.

Njia rahisi ya kukwepa tatizo la sarafu ni kuishi inakotumika fedha unayolipwa. Mwenye pensheni ya dola ana bahati hapa. Panama imetumia dola ya Marekani sambamba na balboa yake tangu 1904, na Ecuador iliihamia dola mwaka 2000. Sisemi bei hazipandi huko, zinapanda kama kwingine. Ila anayelipwa kwa dola anaondokewa na hatari moja kubwa kati ya zote, na kwangu hilo lina thamani kuliko pango la bei ya chini.

Kuhusu kipato kinachotakiwa, Panama na Costa Rica zote mbili huomba pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi kwa wastaafu, na Panama huongeza dola 250 kwa kila tegemezi. Belize huomba dola 2,000. Ecuador huhesabu kwa kuzidisha mara tatu mshahara wa chini wa nchi, maana yake kiwango hupanda mshahara huo unapopanda. Kila ninapoona kiwango nauliza: kikiongezwa mara mbili mwaka kesho, bado unapita? Malaysia iliwafundisha wengi. Mpango wake wa kuwakaribisha wageni wa muda mrefu, MM2H, ulianza 2002, na kwa miaka mingi ulitaka kipato cha ringgit 10,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 kikawa ringgit 40,000. Mwaka 2024 ukapangwa upya tena kwa ngazi, na ngazi ya Silver ikitaka amana ya dola 150,000. Ni haki ya kila nchi kujipangia. Lakini mstaafu aliyeuza nyumba yake kwa kutegemea kiwango cha mwaka jana hana wa kumlalamikia.

Nimejenga mazoea ya kuamini zaidi faida ambazo mgeni anazipata pamoja na wenyeji. Panama ina sheria ya 1987 inayowapa wazee punguzo kwenye tiketi za ndege, migahawa, burudani na huduma nyingine, na mkaazi wa kigeni mwenye umri unaotakiwa anaingia humo humo. Punguzo hilo ni la bibi na babu wa wapiga kura, si rahisi kiongozi kuliamkia siku moja akalifuta. Faida iliyotungwa kwa ajili ya wageni peke yao haina wa kuitetea bungeni.

Halafu afya. Hapa sikubali haraka. Bima binafsi ya kimataifa ukiwa na miaka 66 huwa inalipika. Ukifika 75 ada inaweza kuwa imepanda mara kadhaa, na kampuni nyingi hazipokei mteja mpya kwenye umri huo, au zinakupokea huku zikitenga maradhi uliyonayo, yaani yale yale unayohitaji kutibiwa. Marekani ina Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee wake, lakini karibu haitumiki kabisa nje ya nchi. Thailand ina hospitali binafsi nzuri sana, na tangu mwishoni mwa 2019 imeweka sharti la bima kwa aina mojawapo ya viza za wastaafu. Kwa hiyo kwa watu wa viza hiyo, bima ikikukataa na viza nayo iko mashakani.

Costa Rica iko tofauti. Mfumo wake wa umma, unaoitwa kwa kifupi Caja, ulianzishwa 1941, na mkaazi wa kigeni analazimika kujiunga. Mchango hukatwa kwa asilimia ya kipato ulichotangaza, na maradhi uliyokuja nayo hayakufungii mlango. Foleni za kuonana na daktari bingwa ni ndefu, na wengi hulipia hospitali binafsi kwa mambo madogo. Lakini kwenye safu ya miaka 83, mfumo ambao hauwezi kukukataa kwa sababu umezeeka ni mali. Nikishauri mtu mwenye kisukari au moyo, hapo ndipo ninapoanzia.

Hali ya hewa watu huiona kama zawadi ya bure. Ina gharama zake. Kiyoyozi kikiwaka usiku na mchana, bili ya umeme inaweza kushindana na pango. Karibu na bahari chumvi hula kile kipande cha kiyoyozi kinachokaa nje. Unakuta mabati yake yamefanya kutu na kuchubuka kama gome la mti ndani ya miaka michache. Viatu vya ngozi vilivyokaa kabatini msimu mmoja wa mvua vinatoka na ukungu wa kijani. Dengue ipo karibu ukanda wote, na haina dawa maalumu ya kuitibu.

Dawa ya joto ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 au 7 hivi. Boquete, Panama, iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Cameron Highlands ya Malaysia kama 1,500, na huko watu hulala bila kiyoyozi. Usipande bila kufikiri, lakini. Cuenca ya Ecuador iko mita 2,500 hivi, na pale kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Mwenye mapafu au moyo dhaifu amwone daktari wake kabla hajalipa amana ya nyumba.

Kuna na vimbunga. Msimu wa Atlantiki ni kuanzia Juni hadi Novemba. Karibu sana na ikweta vimbunga havijengeki, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo ujizungushe ni hafifu mno huko. Panama iko kusini ya njia yao kuu. Ufilipino iko katikati ya njia ya vimbunga vya Pasifiki, na Haiyan ya 2013 haijasahaulika. Uliza bei ya bima ya nyumba kabla ya kuuliza bei ya nyumba.

Kuhusu kununua nitasema kwa ufupi: usinunue mapema. Thailand na Ufilipino mgeni hamiliki ardhi. Anaweza kuwa na fleti, kwa ukomo wa asilimia 49 ya jengo Thailand na 40 Ufilipino. Mexico, ndani ya kilomita 50 kutoka baharini, mgeni hununua kupitia benki inayoshika hati kwa niaba yake. Panga nyumba kwanza, na uipange kwenye msimu mbaya. Anayeitaka Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, aende Machi, mashamba na misitu inapoungua na moshi umetanda. Anayeitaka Karibi aende Septemba.

Kodi ya mapato nayo isikupite. Panama na Costa Rica hutoza kipato kilichopatikana ndani ya nchi, kwa hiyo pensheni ya nje kwa kawaida haiguswi. Thailand ilianza 2024 kuhesabu fedha za nje zinazoingizwa nchini na anayeishi humo siku 180 au zaidi kwa mwaka. Raia wa Marekani hujaza fomu za kwao popote alipo.

Sasa swali la mama. Mara nyingi kibali cha mke kimefungwa kwenye pensheni ya mume, au kinyume chake. Mmoja akifariki, pensheni inapungua au inakoma, na aliyebaki anatakiwa kuthibitisha upya kwamba anatimiza sharti. Anatakiwa kufanya hivyo akiwa kwenye msiba, kwa lugha ambayo pengine mwenzake ndiye aliyekuwa akiizungumza. Katika nchi nyingi akaunti ya marehemu hufungwa hadi mirathi imalizike, na mirathi hudai hati zilizotafsiriwa na kupigwa mihuri kutoka nchi ya asili. Mjane anaweza kukaa miezi na fedha zipo lakini hazigusiki.

Kwa hiyo safu ya pili tuliijaza kwa jina la mama peke yake. Pensheni yake mwenyewe, pamoja na sehemu ya pensheni ya mzee inayorithiwa. Bima ya mtu mmoja. Msaidizi wa nyumbani saa chache kwa siku. Thailand ikatoka kwenye daftari siku ile ile, na mzee ndiye aliyeikata kwa mkono wake. Zilibaki nchi mbili ambazo pensheni yao ingeendelea kuongezwa, na walikubaliana kwenda kupanga nyumba katika kila moja kwa miezi mitatu kabla ya kuuza chochote.

Chini kabisa ya safu niliacha mstari mmoja wa fedha za kurudi: nauli, pango la miezi sita, na matumizi ya kuanzia upya, zikae benki ya nyumbani na zisiguswe kwa jambo lingine. Mama alikiandika kiasi hicho mwenyewe, kisha akaniambia akaunti hiyo ifunguliwe kwa jina lake.