Uwezo unaotumika wa betri ya sola

Betri ya sola ikiandikwa 12V 200Ah (volti 12, ampea-saa 200), zidisha: 12 mara 200 ni wati-saa 2,400, yaani uniti 2.4, zile zile unazonunua kwa LUKU au tokeni. Hizo ni uniti za kwenye lebo. Uwezo unaotumika ni kile kiasi unachoweza kukichota kila usiku bila kuiua betri, na mara nyingi ni kidogo kuliko lebo inavyosema.

Betri ya jeli, kama ile ya maji ya asidi, haitaki kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha kuisha kabisa, itakufa mapema. Kwa hiyo uniti 2.4 zinabaki 1.2. Lithiamu inayotumika zaidi majumbani, LiFePO4, inavumilia kushushwa asilimia 80 hadi 90, ndiyo maana lithiamu ya 100Ah inakaribia kufanya kazi ya jeli ya 200Ah. Wanaolinganisha Ah kwa Ah dukani ndio wanaoumia, na inasikitisha kwa sababu wengi wao wamejinyima ili kuipata hiyo pesa.

Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu ya usiku wako. Taa 5 za wati 9 kwa saa 5: wati-saa 225. Runinga ya wati 60 kwa saa 4: 240. Ruta ya wati 10 kwa saa 12: 120. Friji ndogo hujiwasha na kujizima, tuiwekee wastani wa wati 40 kwa saa 12: 480. Jumla 1,065. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani, nayo hula kama sehemu moja ya kumi, hivyo unahitaji karibu uniti 1.2. Jeli ya 200Ah inatosha kwa kubanana. Siku ya mawingu itakuangusha.

Kisha bei. Tuseme jeli hiyo ni shilingi 900,000 na inadumu mizunguko 600 ya kujaa na kushuka: utapata uniti 720, kila moja shilingi 1,250. Lithiamu ya 1,200,000 yenye uniti 1 kwa mizunguko 3,000 inakupa kila uniti kwa shilingi 400. Bei za dukani kwako zitatofautiana, ila fundi au muuzaji akutajie mizunguko, na waranti iwe kwa maandishi.

Kulipa kidogo kidogo kwa simu, mtindo ambao kampuni ya M-KOPA iliueneza Kenya kuanzia 2012, kumewasaidia watu wengi wasio na fedha taslimu. Lakini jumlisha kianzio na malipo yote mpaka siku ya mwisho, ndipo ulinganishe na bei ya taslimu. Uliza pia ukichelewa kulipa umeme utazimwa baada ya siku ngapi. Na mkopo wa miezi 24 kwa betri yenye waranti ya miezi 12, usiukubali.