Je, wajua kompyuta hupataje jina moja kati ya milioni bila kupekua?

Pale stendi ya mabasi Moshi kuna kaunta ya vifurushi ambako karani hakuulizi jina. Ukifika kuchukua mzigo uliotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, anakuuliza, "Kaka, namba yako ya simu inaishia na ngapi?" Unamjibu, "Arobaini na saba, dada." Anageuka hadi shelfu ya 7, anasogeza mizigo miwili mitatu, anasoma namba nzima iliyoandikwa kwa maka pen, na kifurushi unacho mkononi. Nyuma yake pamejaa mizigo hadi darini, naye amegusa mitatu tu.

Vijana ninaowafundisha programu siku za Jumamosi huwa nawaambia wakamtazame dada huyu kwanza, ndipo tufungue kompyuta. Anachofanya ndicho kinachofanyika ndani ya hashi.

Anayeanza kujifunza programu hukutana mapema na vitu vitatu. Stringi ni maandishi, yaani herufi zilizofuatana, kama "moshi". Arei ni safu ya visanduku vyenye namba. Hashi, ambayo katika lugha ya Python huitwa kamusi, ni mahali unapohifadhi kitu kwa jina na kukichukua kwa jina hilohilo. Wengi huvisoma kama sura tatu zisizohusiana, na hapo ndipo hashi inapogeuka kuwa uchawi. Si uchawi. Hashi ni arei ya kawaida iliyopewa njia ya kugeuza stringi kuwa namba.

Tuanze na arei. Visanduku vyake vimepangwa mfululizo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na vyote vina ukubwa sawa. Ukitaka kisanduku namba 500, kompyuta haipiti kwenye vile vilivyotangulia. Inachukua anwani ya mwanzo, inaongeza mara 500 ya ukubwa wa kisanduku kimoja, inafika. Ndiyo maana hesabu huanzia 0: namba ile inaeleza umbali kutoka mwanzo, na kisanduku cha kwanza hakina umbali wowote. Lakini ukiwa na jina tu, hujui namba ya kisanduku, arei haikusaidii. Utakagua kimoja kimoja, na kwenye majina 1,000,000 utakagua kama 500,000 kwa wastani kabla ya kulipata unalotafuta.

Mwaka 1953 Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alipendekeza njia nyingine: fanya hesabu juu ya jina lenyewe, na jibu likuonyeshe kisanduku. Inawezekana kwa sababu ndani ya kompyuta kila herufi tayari ni namba: a ni 97, b ni 98, na kuendelea. Chukua "moshi": 109, 111, 115, 104 na 105. Jumla 544. Kama una shelfu 10, yaani arei ya visanduku 10, gawanya kwa 10 uchukue baki, unapata 4. Weka kwenye shelfu ya 4. Kesho ukiulizwa "moshi" iko wapi, fanya hesabu ileile, utarudi palepale.

Sasa andika "Moshi", mji wetu. Herufi kubwa M ni 77, si 109, kwa hiyo jumla inashuka hadi 512 na baki ni 2. Kwa kompyuta, mji na moshi wa jikoni ni vitu viwili vilivyo kwenye shelfu mbili. Kosa hili limewasumbua karibu wanafunzi wangu wote: anahifadhi kwa herufi kubwa, anatafuta kwa herufi ndogo, kisha anadhani programu imepoteza data.

Kujumlisha tu, hata hivyo, ni njia dhaifu. "Kata" na "taka" zikiandikwa kwa herufi ndogo zina jumla moja, 417, kwa kuwa herufi ni zilezile zilizobadilishana nafasi. Zote zitarundikana kwenye shelfu ya 7. Basi tuipe nafasi uzito: herufi ya kwanza mara 1, ya pili mara 2, ya tatu mara 3, ya nne mara 4. "Kata" inakuwa 1037, "taka" inakuwa 1019. Moja shelfu ya 7, nyingine ya 9. Lugha ya Java hutumia wazo la aina hii kwa stringi zake, ila huzidisha kwa 31 kila inapoingia herufi mpya.

Rudi stendi sasa, ujiulize kwa nini dada anatazama mwisho wa namba. Namba zetu za simu za mkononi huanza na 06 au 07. Angepanga kwa tarakimu ya kwanza, kila kifurushi kingekuwa shelfu ya 0, na asubuhi nzima ingeishia kwenye kupekua. Tarakimu ya mwisho inasambaza mizigo. Kugongana, yaani vitu tofauti kuangukia shelfu moja, hakuishi, na ndiyo maana namba nzima inaandikwa juu ya kifurushi: shelfu inapunguza pa kutafuta, namba nzima inathibitisha. Hashi nayo huhifadhi jina pamoja na kitu chenyewe kwa sababu hiyohiyo.

Kugongana kunaweza hata kuwa silaha. Mwishoni mwa 2011 watafiti wa usalama walionyesha hadharani, huko Ujerumani, kwamba mtu akiipelekea tovuti maelfu ya maneno yaliyochaguliwa yaangukie shelfu moja, seva, yaani kompyuta inayoiendesha tovuti, inazidiwa. Tangu Python 3.3, ya 2012, hesabu ya stringi huchanganywa na namba ya siri inayobadilika kila programu inapowashwa. Ukiandika hash("moshi") leo, kisha ukafunga na kufungua tena, jibu litakuwa jingine. Kompyuta yako ni nzima.

Zoezi ninaloanza nalo lina vyote vitatu. Chukua stringi "haraka haraka haina baraka", ikate iwe arei ya maneno manne, kisha pitia neno moja moja ukihesabu:

idadi = {}
for neno in "haraka haraka haina baraka".split():
    idadi[neno] = idadi.get(neno, 0) + 1

Sehemu ya get(neno, 0) inasema: nipe hesabu ya neno hili, na kama halijawahi kuonekana, nipe 0. Mwisho unapata haraka 2, haina 1, baraka 1. Baada ya hapo mwanafunzi ajenge hashi yake mwenyewe kwa arei ya visanduku 10 na ile hesabu ya uzito. Asiiruke hatua hii, hata kama Python imeshamfanyia kazi.

Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, shelfu zile 10 hufurika. Mwaka jana nilimkuta dada ameigawa kila shelfu kwa ubao katikati: tarakimu ya pili kutoka mwisho ikiwa shufwa, mzigo ubaki kushoto, ikiwa witiri, uende kulia. Yaani amehama kutoka baki la 10 kwenda baki la 20. Mwenye 47 alibaki shelfu ya 7, mwenye 57 akaenda ya 17. Hashi ya Java hufanya vivyo hivyo: huanza na nafasi 16, na zikijaa robo tatu inaziongeza mara mbili na kukagua kila kitu upya. Dada aliniambia kazi ile ilimchukua usiku mzima, mzigo mmoja baada ya mwingine, na kulipokucha foleni ikaanza kwenda haraka tena.